Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Apone

Wahenga wetu walipotuusia kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, hawakuwa na maana kuwa kila mgeni huja na dawa mkobani. Walimaanisha kwamba mgeni akibisha hodi, siku hiyo kuku huchinjwa, ua hufagiwa, na hata mtoto aliyezoea kulala na kikombe cha uji hupata kipande cha nyama. Lakini mgeni akija na chakula chake mwenyewe, akakipika kwa mafuta yake, akatuuzia sisi wenyeji, kisha akatia fedha kibindoni, je, hapo mwenyeji amepona nini?

Swali hili limenikaa moyoni tangu mwezi wa Januari 2022. Wasomaji wengi watakumbuka kisa chenyewe. Mikahawa ya KFC, ile kampuni ya Kimarekani inayouza kuku wa kukaanga, iliwatangazia wateja wake wa Kenya kwamba imeishiwa na chipsi. Kuku walikuwako tele, maana hao hufugwa papa hapa nchini. Kilichokosekana ni viazi. Na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kwa mara ya kwanza kwamba viazi vile vilikuwa vikiletwa kutoka ng'ambo, vikiwa vimekwisha kumenywa, kukatwa na kugandishwa kwa barafu, na kwamba meli zilikuwa zimechelewa kwa sababu ya vurugu za usafiri zilizoletwa na ugonjwa wa Korona.

Basi watu waliwaka! Haya, katika nchi ambayo viazi ni zao la pili kwa chakula baada ya mahindi, nchi yenye wakulima wa viazi wanaokadiriwa kufika 800,000, tena katika mwezi ambao viazi vya mvua za vuli huvunwa, mkahawa unafunga karai kwa kungoja meli? Mitandaoni wananchi walitoa mwito kampuni hiyo isusiwe. Wenye kampuni walijibu kwamba kila anayewauzia bidhaa ni lazima kwanza akaguliwe kwa kanuni zao za ubora, zinazotumika duniani kote, na kwamba kanuni hizo ni za kulinda afya ya mlaji. Baadaye wakaahidi kutafuta wauzaji wa humu nchini.

Lakini kuna jambo moja dogo katika kisa hicho lililonigusa mimi kuliko yote. Wateja waliambiwa kwamba badala ya chipsi wangeweza kuchukua vitu vingine, na miongoni mwa vitu hivyo ulikuwamo ugali. Hebu litafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Ugali, mfalme wa meza zetu, umekaribishwa mezani siku ambayo kiazi cha kigeni kimechelewa bandarini! Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka.

ASILI YA CHAKULA CHETU

Wako waliotumia kisa hiki kudai kwamba vyakula vya kigeni vipigwe marufuku, eti vinaua utamaduni wetu. Mimi siungani nao. Ni nani atakayesimama aseme chakula chetu hakikuwahi kusafiri? Mahindi yenyewe, tunayoyasongea ugali huo tunaouita wa asili, yalitoka Amerika na kuletwa pwani hii na Wareno. Kiazi cha mviringo kilifika huku juu milimani pamoja na Waingereza kuelekea mwisho wa karne ya 19. Chapati tulifundishwa na Wahindi. Nenda leo Mombasa jioni, ule viazi karai kwa ukwaju na mishkaki ya moto, kisha uniambie ni kipi hapo ambacho hakina babu wa kutoka ng'ambo.

Hata hicho chakula cha upesi upesi hatukukingoja kutoka Kentucky. Mama aliyekaa kando ya njia na karai lake la mihogo alikuwa akiwalisha wapita njia kabla ya KFC kufungua mkahawa wake wa kwanza Nairobi mwaka wa 2011. Kuku na chipsi vilikwisha kuwa chakula cha mjini miaka mingi nyuma.

Kwa hivyo hoja yangu si kwamba mgeni amekuja. Tofauti iko hapa: mahindi yalipofika tuliyapanda sisi, chapati tulizisukuma sisi, na kila kilichoingia jikoni kilimpa mtu wa hapa kazi ya mikono. Kitu kigeni huwa chetu siku tunapokishika wenyewe. Kiazi kinachoshuka melini kikiwa kimekwisha kukatwa hakitupi nafasi ya kukishika, ila mdomoni tu.

TUTAZAME WENGINE

Tusije tukadhani kwamba jambo hili ni la Kenya peke yake. Bwana Harland Sanders, yule mzee mwenye ndevu nyeupe tunayeiona picha yake mabarazani, alianza kwa kuuza chakula katika kituo cha petroli mjini Corbin, jimbo la Kentucky. Mwaka wa 1952, akiwa na umri wa miaka 62, alianza kuwapa watu wengine ruhusa ya kupika kuku kwa namna yake nao wakamlipa. Biashara ya namna hii husimama juu ya ahadi moja: kuku anayeliwa mji huu awe sawasawa na yule anayeliwa mji ule. Kwa hiyo wenyewe huogopa kiazi wasichokijua kama baharia anavyoogopa mwamba. Tuseme kweli, hofu hiyo haikutungwa kwa ajili ya kumdharau Mkenya. Ndiyo roho ya biashara yao.

Hata hivyo hofu hiyo hupungua pale mwenyeji anapojua thamani yake. Kampuni hiyo hiyo ilifungua mkahawa wake wa kwanza wa China mjini Beijing mwaka wa 1987, na kufikia mwisho wa mwaka wa 2023 ilikuwa na mikahawa zaidi ya 10,000 katika nchi ile. Wachina hawakula tu walichopewa. Leo asubuhi mikahawa hiyo huwauzia uji wa mchele, pamoja na vile vipande virefu vya unga wa ngano vilivyokaangwa ambavyo babu zao walivila. Huko chakula cha mwenyeji hakikungoja kukosekana kwa chipsi ndipo kikaribishwe.

Tazama tena habari za McDonald's, jamaa wengine wa Marekani, huko Moscow. Bwana George Cohon, aliyeiongoza kampuni hiyo nchini Kanada, alianza mazungumzo na Warusi wakati wa michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka wa 1976. Mkahawa ulifunguliwa tarehe 31 Januari 1990, baada ya miaka 14 ya kubembelezana, na siku ile ya kwanza wateja zaidi ya 30,000 walipanga foleni kwenye baridi kali. Kabla ya kufungua, kampuni ilikuwa imejenga kiwanda kizima kando ya mji ili vyakula vitengenezwe huko huko, na wakulima wa Kirusi wakafundishwa kulima viazi vya aina iliyotakiwa.

Na India je? McDonald's ilipoingia Delhi mwaka wa 1996, iliikuta nchi ambayo ng'ombe ni mnyama mtukufu kwa Wahindu. Nyama ya ng'ombe ikaachwa kabisa, kitu ambacho ndicho kilichoijengea kampuni jina kwao Marekani. Chipsi ziliagizwa kutoka nje kwa miaka kadhaa, lakini wakati huo huo kampuni ya McCain ilikuwa ikiwafunza wakulima wa jimbo la Gujarat kulima viazi virefu vinavyofaa, mpaka kiwanda kikajengwa huko Mehsana. Mgeni alikunja miguu akakaa mkekani kama wenyeji.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Mwaka wa 2022 McDonald's iliondoka Urusi kwa sababu ya vita vya Ukraine, ikauza mikahawa yake kwa tajiri wa huko, naye akaifungua upya kwa jina jingine mwezi wa Juni. Haukupita mwezi mwingine ila mikahawa hiyo nayo ikaanza kukosa chipsi! Mavuno ya viazi vya aina ile yalikuwa mabaya, na kuagiza kutoka nje kulikuwa kugumu. Nchi nzima imejaa viazi, na mikahawa haina chipsi. Ikiwa Warusi, waliofundishwa kulima viazi hivyo tangu mwaka wa 1990, waliweza kupatwa na shida hiyo, basi tujue kwamba kazi hii haimaliziki kwa kelele za juma moja.

TUJITAZAME WENYEWE

Na hapa sina budi kusema neno ambalo halitawafurahisha wote. Kumlaumu mgeni ni rahisi. Kufagia nyumba ndiyo kazi.

Kiazi tunachokipenda wengi wetu huku ni Shangi. Ni kiazi kizuri, hukomaa mapema, huiva upesi, na katika karai la barabarani hakina mpinzani. Lakini Shangi kikishang'olewa hakikai. Baada ya majuma machache tu huanza kuchipua. Mwenye kiwanda cha kugandisha chipsi anataka kiazi kirefu, kikavu ndani, chenye sukari kidogo ili kisiungue kikawa cheusi katika mafuta, tena kinachoweza kuwekwa ghalani kwa miezi. Mkulima wa Nyandarua au wa Molo hukosa ghala baridi la kuwekea, basi akivuna leo ni lazima auze leo, kwa bei atakayopewa. Mwenye lori analijua hilo vizuri.

Halafu kuna lile donda letu la lumbesa. Kanuni za mwaka 2019 zilisema wazi kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Hata hivyo, madalali wameendelea kuwashurutisha wakulima kujaza magunia mpaka yanaota kichwa, kisha kichwa hicho kinashonewa kwa kamba kama kilemba. Sasa niulize: ikiwa sisi kwa sisi hatukubaliani kipimo cha gunia, tutamwambiaje mgeni kwamba viazi vyetu ni vya kipimo kimoja? Tena gunia lile lina kubwa na dogo, kizima na kilichokatwa na jembe, vyote vimechanganywa. Katika kibanda haidhuru, maana kisu cha mpishi kitachambua. Kiwandani mashine haichambui kwa huruma.

HESHIMA YA MEZA

Lakini liko jambo zito kuliko ghala na gunia, nalo ni lile la heshima. Nimewasikia wazazi wakimwahidi mtoto kwamba akifanya vizuri katika mtihani atapelekwa kula kuku wa Kizungu. Sijapata kumsikia mzazi akimwahidi mtoto mukimo, wala mahamri kwa mbaazi, wala samaki wa kupaka, kama tuzo. Hivyo ni vya kila siku. Basi mtoto hujifunza, bila ya kuambiwa na mwalimu yeyote, kwamba chakula cha kwao ni cha kushibia, na chakula cha wengine ni cha kufurahia. Mkataa kwao ni mtumwa, na utumwa wa namna hii huanza ulimini.

Simkatazi mtu kula kuku wa kukaanga. Mimi mwenyewe nampenda. Wala sisemi mukimo ufungwe katika makaratasi mekundu ndipo uheshimiwe. Nasema kwamba mgeni hukitazama chakula chetu kwa macho yale yale tunayokitazamia sisi. Wahindi hawakuacha miiko yao, na kampuni kubwa ikabadili kapu lake. Sisi tulisukumwa mpaka ugali ukawa kitu cha kuzibia pengo, kwa sababu hata nyumbani tumekwisha kuuzoesha kukaa nyuma.

Nionavyo mimi, mambo ya kufanya yako wazi. Serikali za kaunti zinazolima viazi ziwajengee wakulima maghala baridi kupitia vyama vyao vya ushirika, na kanuni ya kilo 50 ishikwe kwa nguvu, si kwa hotuba. Watafiti wetu wawafikishie wakulima mbegu safi za aina zinazotakiwa na viwanda, bila kuiua Shangi ambayo ndiyo riziki ya vibanda. Kampuni za kigeni nazo zikipewa leseni ziulizwe mapema, kabla ya kukata utepe: mtanunua nini hapa, kwa nani, na mtamfundisha nani kufikia hicho kipimo chenu? Swali hilo likiulizwa siku ya kwanza ni la adabu. Likiulizwa baada ya miaka kumi na moja, meli ikiwa imekwama, huwa ni ugomvi.

Nasi walaji tunayo kazi. Ukiingia katika mkahawa wowote, wa kigeni au wa mwenzetu, muulize anayekuhudumia viazi hivi vimetoka wapi. Muulize kwa upole, maana yeye ni mtoto wa watu anayetafuta riziki. Wakiulizwa wahudumu mia kwa siku, habari zitamfikia meneja. Akiulizwa meneja, zitamfikia tajiri. Na siku utakapotaka kumtuza mwanao, mpeleke mara moja kuku wa Kizungu, na mara ya pili mpikie kile ambacho bibi yake alikipika siku za sikukuu, ukiandike mezani kwa sahani nzuri, na umwambie jina lake.

Mgeni tumekwisha kumkaribisha, na milango yetu haifungwi. Lakini mwenyeji asiyejua kilichomo ghalani mwake hawezi kulalamika mgeni akija na chakula chake.