SHAURI LA MWEZI: Kijana Aliyeitwa Kwenye Yadi ya Magari



Miezi miwili iliyopita alikuja barazani kwangu kijana mmoja niliyemfundisha zamani. Alipokwisha kuniamkia, nami nikamwitikia, akanionyesha barua: ameitwa kwenye usaili katika yadi moja ya magari hapa Mombasa, na siku zilizobaki ni nne. Akasema, "Mwalimu, wanataka mwuzaji, nami sijapata kuuza hata baiskeli. Nifanyeje?" Nikaijua shida yake, maana baba yake amefariki, na wadogo zake wawili wangali shuleni.

Shauri nililompa naliandika hapa, kwa kuwa nyumba nyingi zina vijana wa namna yake.

Kwanza nilimwambia, "Ijue bidhaa kabla hujaulizwa." Magari mengi ya yadi zetu yalikwisha kutumika Japani, ndipo yakaletwa kwa meli mpaka Kilindini. Kanuni ya Kenya iitwayo KS 1515:2000 yakataza kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Na kwa kawaida usukani sharti uwe wa kulia. Tena mengi hununuliwa mnadani huko Japani, na kila gari huandikiwa karatasi ya ukaguzi. Alama ya 4 au 4.5 ni ya gari zuri. Herufi R huonyesha kwamba liligongwa, kisha likatengenezwa. Mwuzaji asiyeweza kuisoma karatasi hiyo ni kama mwalimu asiyejua kusoma rejista.

Pili, hesabu. Nilimpa kalamu, nikamwuliza, "Gari ni shilingi 1,500,000. Mnunuzi atoa asilimia 40 kwanza, na salio kwa miezi 36. Kila mwezi atalipa ngapi, kabla ya riba?" Alitaabika kidogo, kisha akapata: atatoa 600,000, zitabaki 900,000, nazo ni 25,000 kwa mwezi. Tukarudia kwa bei nyingine, mpaka akajibu bila kutetemeka.

Tatu, mwenendo. Nguo si lazima ziwe mpya, ila ziwe safi na zilizopigwa pasi. Vyeti na leseni ya udereva viwe katika bahasha moja. Afike mapema, amwamkie bawabu kama atakavyomwamkia mwenye yadi. Tena asione haya kuuliza kwa adabu kama malipo ni mshahara wa mwezi, au ni kamisheni kwa kila gari liuzwalo, maana wengi huingia kazini wasijue watakula nini.

Hata jioni ya tatu nikajifanya mwenye yadi, nikamwuliza: "Karatasi ya gari ina herufi R. Mnunuzi akikuuliza kama limepata kugongwa, utamjibuje?" Akajibu upesi, "Nitasema halijagongwa. Biashara ndivyo ilivyo, Mwalimu."

Nilinyamaza kitambo. Kisha nikamwambia, "Mnunuzi huyo ni mwalimu kama mimi. Amekopa katika chama cha akiba na mikopo, naye atalipa miaka minne. Sasa nijibu tena." Akainamisha kichwa. Nikamweleza pia kwamba Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 yahesabu maneno ya uongo juu ya bidhaa kuwa tendo lisilo la haki, na aliyedanganywa aweza kuuvunja mkataba. Njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wake huenda ukawa mahakamani.

Tukatafuta jibu lililo la kweli, na ambalo bado lauza: "Nitamwambia liligongwa, nimwonyeshe palipotengenezwa, nimkaribishe alete fundi wake mwenyewe, kisha nimweleze kwamba bei imepunguzwa kwa sababu hiyo." Mnunuzi aliyeambiwa ubaya wa gari na mwuzaji mwenyewe husadiki pia atakapoambiwa uzuri wake.

Alikwenda. Akaulizwa swali lile lile, akajibu hivyo. Mwenye yadi akacheka, akamwambia, "Hapa tunauza magari, hatuungami." Hakuitwa tena.

Ndugu zangu, sitaficha yaliyofuata. Mama yake alikuja kwangu, akasema kwa upole, "Mwalimu, ukweli wako haukulipa karo." Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala vema, nikijiuliza kama nilimshauri kijana kwa tumbo lililoshiba. Lakini nilifikiri hivi: yule bwana alikuwa akimchagua kijana, na kijana naye alikuwa akimchagua bwana. Kama angeingia kwa uongo, angetakiwa kuusema kila siku. Na siku mnunuzi atakaporudi kwa hasira, mwenye yadi angemnyoshea kidole mwuzaji.

Baada ya majuma matatu akaitwa mahali pengine, penye magari machache. Mwenye mali, mama mtu mzima, alimsikiliza, akamwonyesha gari moja, akasema, "Niambie ubaya wake." Kijana akalizunguka, akataja tairi mbili zilizokwisha na mlango uliopakwa rangi upya. Akapewa kazi ya majaribio kwa miezi mitatu, mshahara mdogo. Karo ya muhula huu imelipwa nusu tu, na nusu bado twaitafuta pamoja.

Basi ninyi wazazi na walimu, kijana wenu akiitwa kwenye usaili, kaeni naye jioni mbili tatu, mmwulize maswali kama wageni. Msimfundishe kujibu ya hesabu tu. Mwulizeni na lile litakaloujaribu moyo wake, ili alisikie kwanza nyumbani, penye watu wampendao, kabla hajalisikia kwa mtu aliyeshika mkate wake mkononi.

Kwaherini, mpaka mwezi ujao.