Tusker mikononi mwa mshindani

Kampuni mbili za bia zilichoka kupigana kwa bei, zikaamua kugawana uwanja. Mwaka 2002 South African Breweries, iliyogeuka SABMiller mwaka huohuo, ilifunga kiwanda chake cha Castle mjini Thika. East African Breweries (EABL) nayo ikafunga cha Kibo mjini Moshi. SABMiller ikapewa asilimia 20 ya hisa za Kenya Breweries, kampuni tanzu ya EABL. EABL ikachukua asilimia 20 ya Tanzania Breweries (TBL), iliyokuwa chini ya SABMiller. Alama za biashara nazo zilibadilishana walezi: TBL ikapewa leseni ya Tusker, bia ya EABL, nchini Tanzania, na Castle ikaachiwa Wakenya waiuze kwao.

Wafanyakazi wa Thika na Moshi walipoteza ajira. Mnywaji hakuulizwa.

Mkataba wa aina hiyo huzaliwa na kasoro. TBL ilikuwa na bia zake, Safari na Kilimanjaro. Kwa nini itangaze kwa moyo bia ambayo faida yake inabidi igawane na mwenye jina? EABL ilikuja kulalamika kwamba bia zake zimetelekezwa Tanzania. Lalamiko linaeleweka, ila huruma ina mpaka: aliyemkabidhi mshindani ufunguo wa ghala alitarajia nini?

Usajili wa alama haukuweza kuiokoa EABL. Usajili humzuia mtu baki asibandike jina Tusker kwenye chupa yake, lakini haumlazimishi mwenye leseni kulihangaikia. Kinachoweza kumbana ni mkataba wenyewe, ukitaja kiwango cha chini cha mauzo, fedha za matangazo na siku ya kunyang'anywa leseni.

Mwaka 2010 EABL ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries, mshindani wa TBL, huku bado ina hisa TBL. SABMiller ikakimbilia mahakamani Kenya. Tume ya Ushindani ya Tanzania ikaitaka EABL iachie hisa za TBL, na mwaka 2011 wakaachana rasmi: EABL ikazinunua upya hisa za Kenya Breweries, na zile za TBL zikauzwa kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Baadaye Moshi ikapata tena kiwanda cha bia, safari hii cha Serengeti.

Wanaotetea uhuru wa mikataba husema wakubwa hao walimalizana wenyewe. Ndiyo, lakini baada ya takriban miaka tisa, na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ilitungwa 2003, saini zikiwa zimeshakauka. Leseni ya alama kati ya washindani inapaswa kupita mbele ya tume kabla ya kusainiwa, kama unavyopita muungano wa kampuni, maana ile ya 2002 ilipunguza ushindani sawasawa na muungano bila kuitwa hivyo.