Uchovu wa Chuma na Nguzo za Barabarani

Watu wengi huamini kwamba chuma kikishahimili mzigo leo kitauhimili siku zote. Imani hiyo si sahihi. Mzigo mdogo, ukirudiwa mara nyingi, huweza kuvunja chuma ambacho mzigo mkubwa wa mara moja haukukivunja. Hali hii huitwa uchovu wa metali. Mhandisi Mjerumani August Wöhler aliichunguza katika miaka ya 1850 na 1860, kwa kuwa ekseli za mabehewa ya reli zilikuwa zikivunjika zikiwa katika kazi yake ya kila siku.

Tuchukue mfano wa mabango makubwa ya kuelekeza njia katika barabara kuu za Marekani. Bango hubebwa na mkono mrefu wa chuma uliofungwa kwenye nguzo moja. Upepo wa kawaida, na hata mkumbo wa hewa utokanao na lori lipitalo chini, huutikisa mkono huo. Kila mtikiso ni mdogo, lakini kwa miaka mingi idadi yake hufikia mamilioni. Ufa huanzia penye udhaifu: kwenye maungio yaliyolehemiwa kitakoni mwa nguzo, au katika hesi za boliti zilizozikwa kwenye zege. Hukua polepole, hata chuma kilichosalia kishindwe kubeba mzigo. Ndipo nguzo huanguka ghafla. Baada ya nguzo kadhaa kuanguka, kanuni za usanifu zilizotolewa nchini humo mwaka 2001 ziliwataka wahandisi wapime pia uchovu, wala si nguvu ya dhoruba peke yake.

Kwa maoni yangu, kanuni hazitoshi pasipo ukaguzi. Nati moja iliyolegea huzitwika boliti nyingine mzigo wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa anayelipa gharama kwanza ni msafiri apitaye chini, asiyejua lolote.

Walimu wanaweza kulidhihirisha jambo hili darasani. Vipande vya waya wa aina moja vikunjwe huku na huko, kimoja kwa pembe ndogo, kingine kwa pembe kubwa, na wanafunzi wahesabu mikunjo hadi kila kimoja kikatike, kisha wachore grafu. Mikunjo hiyo ni mikubwa kuliko mitikiso ya nguzo, lakini funzo ni lilelile: chuma hakisahau. Kijana aliyelielewa hilo hataitazama nguzo iliyosimama wima akadhani kwamba ni salama kwa sababu tu haijaanguka.