Nani Alihesabiwa? Maoni juu ya Kufundisha Uchaguzi wa Bunge la Uingereza katika Karne ya 19

Mada ya uchaguzi wa Bunge la Uingereza katika karne ya 19 haina bahati katika madarasa mengi ya historia. Mwalimu huandika ubaoni miaka mitatu, yaani 1832, 1867 na 1884. Kando ya kila mwaka hutaja sheria iliyopitishwa. Kisha huongeza kwamba haki ya kupiga kura "ilipanuliwa". Wanafunzi hunakili, kengele hulia, na somo huwa limekwisha. Kwa maoni yangu njia hii ina kasoro mbili. Kwanza, haimwonyeshi mwanafunzi uchaguzi wenyewe ulivyokuwa. Pili, na hili ndilo zito zaidi, humfundisha jambo lisilo kweli.

Tuanze na hilo la pili. Mwanafunzi anayesoma kwamba haki "ilipanuliwa", au kwamba wananchi "walipewa" kura, huondoka darasani akiamini kuwa haki ni zawadi itolewayo na wakubwa wakati wapendapo. Ni kweli kwamba sheria hutungwa na Bunge. Lakini mwaka 1819 maelfu ya watu waliokusanyika Manchester kudai marekebisho walishambuliwa na askari wa farasi. Zaidi ya watu kumi waliuawa na mamia wakajeruhiwa. Oktoba 1831, baada ya Baraza la Malodi kuukataa muswada wa marekebisho, ghasia zilizuka katika miji kadhaa, na ngome ya Nottingham ikachomwa moto. Sheria ya mwaka 1832 ilipita chini ya kivuli cha hofu hiyo. Hata hivyo serikali ya Earl Grey haikukusudia kuwapa wafanyakazi mamlaka. Ilikusudia kuwavuta watu wa tabaka la kati upande wake, ili mfumo wenyewe usipinduliwe.

Wafanyakazi walitambua hayo, na ndipo ulipozaliwa Mkataba wa Watu wa mwaka 1838, ambao watetezi wake waliitwa Chartists. Walidai mambo sita: kura kwa kila mwanamume mtu mzima, kura ya siri, kufutwa kwa sharti la mali kwa wabunge, mishahara kwa wabunge, majimbo yaliyo sawa, na uchaguzi kila mwaka. Mwaka 1842 walipeleka Bungeni ombi lililotiwa saini na watu zaidi ya milioni 3. Wabunge 49 walikubali waombaji wasikilizwe, 287 walikataa. Mwalimu akiziandika ubaoni tarakimu hizo tatu na kunyamaza kidogo, darasa litauliza maswali lenyewe. Na pale mwanafunzi atakapogundua kwamba, isipokuwa uchaguzi wa kila mwaka, madai yote hayo yalikuja kuwa sheria baadaye, ataelewa kuwa kushindwa kwa leo si lazima kuwe kushindwa kwa daima.

Sasa turudi kwenye kasoro ya kwanza. Kabla ya mwaka 1832, Old Sarum, kilima kilichokwisha kuhamwa na wakazi wake, kilikuwa na wabunge wawili. Dunwich, mji ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imekwisha kumezwa na bahari, nao ulikuwa na wawili. Manchester, mji wa viwanda wenye watu zaidi ya laki moja, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Aidha, kura ilipigwa hadharani. Mpiga kura alipanda jukwaani, akataja kwa sauti jina la amtakaye, na jibu lake likaandikwa katika daftari ambalo mara nyingi lilichapwa na kuuzwa. Mpangaji alipiga kura mbele ya macho ya wakala wa kabaila mwenye shamba, naye aliyajua yaliyoweza kumpata mkataba wa shamba utakapokwisha. Kura ya siri haikuja mpaka mwaka 1872.

Mambo haya hayafundishiki kwa kunakili. Napendekeza zoezi lifuatalo, ambalo halihitaji zana yoyote ila vipande vya karatasi. Chukua darasa la wanafunzi 45 liwe mfano wa watu wote wa England na Wales, watoto kwa wakubwa. Kabla ya mwaka 1832, mwanafunzi mmoja tu ndiye angekuwa na kura. Baada ya sheria ya mwaka huo, wawili. Baada ya ile ya 1867, wanne hivi. Baada ya ile ya 1884, saba. Wenye kura wapatikane kwa bahati nasibu miongoni mwa wavulana, wakae mbele. Wengine wote wasimame ukutani. Kisha mmoja awe mwenye shamba, na wapiga kura wataje uchaguzi wao mbele yake. Halafu warudie kwa karatasi zilizokunjwa. Matokeo yakitofautiana, somo la mwaka 1872 limekwisha kufundishwa. Wasichana waulizwe wanaonaje kusimama ukutani karne nzima: sheria ya 1832 ndiyo iliyotaja kwa mara ya kwanza, waziwazi, kwamba mpiga kura awe mwanamume, na wanawake wa Uingereza hawakuipata kura ya Bunge ila mwaka 1918, tena kwa masharti, usawa kamili ulikuja 1928.

Wako watakaosema kwamba mtihani hudai miaka na majina ya sheria, na kwamba vipindi havitoshi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inajijibu yenyewe: mwanafunzi aliyesimama ukutani mpaka 1884 hatausahau mwaka huo. Wengine watauliza, ya Uingereza yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu fikra ile ile, kwamba kura hustahiliwa na mwenye mali au elimu, ililetwa kwetu na ukoloni. Katika uchaguzi wa Waafrika nchini Kenya mwaka 1957, mtu aliweza kuwa na kura hadi tatu kwa kadiri ya sifa zake, na jirani yake asiwe na hata moja. Tanganyika, katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura aliwekewa masharti ya kipato, elimu au wadhifa, tena akalazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Asiyejua masharti hayo yalitoka wapi hawezi kueleza kwa nini "mtu mmoja, kura moja" lilikuwa dai zito.

Kwa hiyo, mwalimu anapoandaa somo hili, asianze na swali "Sheria gani ilipitishwa?" Aanze na "Nani alihesabiwa, nani aliachwa, na walioachwa walifanya nini?" Miaka itafuata yenyewe. Wanafunzi wetu watapiga kura siku si nyingi baada ya kutuaga. Wakitoka mikononi mwetu wakidhani kwamba kura ni zawadi, hawataona ajabu siku mtoaji atakapotaka kuirudisha mfukoni mwake.