Taya na Pumzi za Usiku

Watu wengi hudhani kuwa akoromaye sana ndiye aliyelala vizuri. Sivyo daima. Wako ambao koo huwafunga usingizini, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha wakashtuka wakihema. Na hali hiyo hurudi mara nyingi usiku kucha. Mtu huyo huamka na kichwa kizito, na akiwa dereva wa gari kubwa apitaye Hedaru na Same kwenda Moshi, usingizi wake wa mchana ni hatari kwa roho nyingi.

Tiba mojawapo, kwa ugonjwa usio mkali sana, ni kifaa kinachovaliwa menoni wakati wa kulala. Hulivuta taya la chini mbele, ulimi ukafuatana nalo, njia ya pumzi ikafunguka. Lakini mbele kiasi gani? Daktari wa meno hupima kwanza ukomo wa taya kusogea, aghalabu akaanzia nusu ya mwendo huo au zaidi kidogo, kisha akaongeza milimita moja au pungufu kwa kila hatua. Likizidi, viungo vya taya huuma na meno huweza kuhama. Likipungua, koo hubaki limeziba. Wala kukoroma kukikoma si ushahidi wa kutosha: mgonjwa hupimwa tena akiwa amelala na kifaa chake.

Basi kifaa kiuzwacho bila kipimo, mimi nakiona ni hasara tupu. Aliye Gonja au Chome aanzie hospitali ya wilaya ya Same, aombe barua ya kwenda KCMC, Moshi, waliko madaktari wa koo. Na mkewe afuatane naye, maana ndiye aliyeshuhudia pumzi zikikatika.