Mary Prince asomwe madarasani



Wanafunzi wakisoma kwamba Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, hubaki wakidhani uhuru ulitoka kwa waheshimiwa wa London tu. Wapewe kitabu cha Mary Prince cha mwaka 1831. Mwanamke huyu, aliyezaliwa utumwani Bermuda, anaeleza alivyouzwa mnadani mama yake akiwapo, na alivyoshinda majini katika mashamba ya chumvi ya Turks Island hadi miguu ikajaa vidonda. Kitabu kilichapwa mara tatu mwaka huo huo. Hapo mwanafunzi anaona jambo ambalo tarehe haimwonyeshi: mtumwa alisimama kama shahidi wa kesi yake mwenyewe.

Wapo wanaosema hakuandika kwa mkono wake. Ni kweli, alisimulia, Susanna Strickland akaandika, Thomas Pringle akahariri. Lakini hilo nalo ni somo, tena zuri mno: darasa lijiulize nani alichuja nini, na kwa nini. Wengine wanahofia ukatili uliomo. Hofu yao naielewa, ila kuuficha ni kumsitiri aliyeshika mjeledi. Mwalimu anaweza kuchagua kurasa kulingana na umri wa wanafunzi wake.