Ridhaa Kwanza, Leseni Baadaye

Mlima Mrima, katika Kaunti ya Kwale, umebeba niobiamu na madini adimu. Kutokana na madini hayo adimu hutengenezwa sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo, ambayo ulimwengu unaitegemea ili uache kuchoma mafuta na makaa. Juu ya utajiri huo umesimama msitu wa hifadhi, na msituni mna kaya, mahali patakatifu pa Wadigo tangu enzi za mababu.

Hatuipingi nishati safi. Nchi yetu imeonja ukame na mafuriko vya kutosha. Twauliza tu: ni usafi gani unaoanza kwa kumnyamazisha mwenyeji?

Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya kuchimba Mrima. Kampuni husika ikaishtaki Kenya mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2018 ikashindwa, kwa kuwa leseni ilipatikana bila kutimiza sheria za mazingira. Hata hivyo, waliobishana katika shauri hilo ni serikali na wawekezaji. Mdigo hakuwa upande wowote.

Wala hili si jambo geni. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika uliidhinisha uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Kenya iliwadhulumu Waendorois ilipowaondoa kando ya Ziwa Bogoria. Tume ilisisitiza kuwa ridhaa yao, kwa mujibu wa mila zao, hutangulia mradi mkubwa. Uamuzi huo ungali haujatekelezwa kikamilifu.

Sheria ya Madini ya 2016 huitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha. Fungu hilo ni haki yao, lakini si badala ya ridhaa, kwani hupokelewa shimo likiwa limekwisha kuchimbwa.

Kwa hiyo tunadai: mkataba wowote wa Mrima uwekwe hadharani kwa Kiswahili na Kidigo, wazee wa kaya, wanawake na vijana wasikilizwe barazani pasipo vitisho, na wakikataa, neno lao liheshimiwe.

Nanyi waumini, tafakarini iwapo madini hayo yangegunduliwa chini ya madhabahu yenu. Je, mngekubali kuulizwa baada ya tingatinga kufika?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila ajaye Mrima na apimwe kwa kipimo hicho.